Somo: Kusoma jiografia chuo cha jamii California hadi kuhamia chuo kikuu

Wadau, habari zenu. Vijana wetu wengi wakifika Marekani hushauriwa wasomee uuguzi, basi. Uuguzi ni kazi ya heshima, lakini kijana aliyeipenda ramani tangu sekondari asikubali kuiacha kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha njia. Njia ipo, na si ya gharama kubwa.

Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili. California ina vyuo 116 vya namna hii, na mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha ukubwa wa kozi. Kozi ya kawaida ni yuniti 3, yaani dola 138. Nitatolea mfano San Diego: unaanza San Diego Mesa College, unamalizia San Diego State University.

Hatua ya 1: Panga kuanzia mwisho
Kabla hujachagua kozi hata moja, fungua assist.org. Ni bure. Chagua chuo chako cha jamii, halafu chuo kikuu unachokitaka, halafu Geography. Utaona kozi gani ya huku inakubalika badala ya ipi ya kule. Chapisha ukurasa huo, nenda nao kwa mshauri wa masomo. Mshauri ana foleni ndefu mlangoni. Ukimwendea mikono mitupu atakupa ratiba ya kila mtu. Mtu akiniuliza hatua ipi asiiruke, nitamtajia hii. Wanaoiruka ndio hao unaowasikia wamesoma miaka mitatu, minne, na yuniti nyingine hazikuhesabiwa.

Hatua ya 2: Jiandikishe kwa AA-T ya jiografia
Hii ni shahada ya miaka miwili ya kuhamia, yenye yuniti 60, iliyoanzishwa na sheria ya jimbo ya mwaka 2010. Ukiimaliza na wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.0, una uhakika wa nafasi katika mfumo wa California State University, yaani kundi la vyuo vikuu vya umma vya jimbo, San Diego State kikiwemo, na huko utabakiwa na yuniti 60 kupata shahada ya kwanza. Shika hili: uhakika ni wa kuingia kwenye mfumo, si kwenye kampasi unayoitamani. San Diego State ina ushindani, kwa hiyo usiishie kwenye 2.0.

Hatua ya 3: Kozi zenyewe
Za lazima ni jiografia ya maumbile, maabara yake, na jiografia ya binadamu. Zinazobaki unachagua: hali ya hewa, kanda za dunia, jiografia ya California, GIS (mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani ramani na data kwenye kompyuta).

Maabara ndipo aliyesoma jiografia nyumbani anapong'ara, ila vipimo vitamsumbua mwanzoni. Tulizoea ramani ya 1:50,000, sentimita moja ni mita 500. Huku karatasi ya ramani ya kawaida ni 1:24,000, na inchi moja ni futi 2,000. Tuseme kontua, ile mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, zimepishana kwa futi 40, nawe umehesabu nafasi tano kati ya pointi mbili zilizo inchi moja mbali. Umepanda futi 200 katika futi 2,000: mteremko wa 1 kwa 10, au asilimia 10. Hesabu ni ileile ya kidato cha tatu. Usihangaike kubadili kwenda mita, baki na futi mwanzo hadi mwisho.

Kukiwa na safari ya nje, nenda. Toka pwani ya San Diego, panda milima ya Laguna hadi kama mita 1,800 penye misonobari, kisha teremka mashariki hadi jangwa la Anza-Borrego. Kwa siku moja umeona kwa macho yako kivuli cha mvua, yaani upande unaokosa mvua kwa sababu mlima umeizuia, jambo lilelile linaloufanya upande wa Kilimanjaro ulioko Moshi uwe na migomba na upande wa Amboseli uwe mkavu.

Hatua ya 4: GIS mapema
Usiisubirishe hadi chuo kikuu. Ujuzi wa mfumo huu ndio waajiri wanaoutafuta: halmashauri za miji, kampuni za maji, zimamoto. Darasani mara nyingi utakutana na programu ya kulipia iitwayo ArcGIS. Nyumbani pakua QGIS, ambayo hailipiwi, ujizoeze.

Hatua ya 5: Maombi ya kuhamia hufunguliwa Oktoba 1 kwa muhula wa vuli (fall, unaoanza Agosti) mwaka unaofuata. Usingoje wiki ya mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Cheti changu cha kidato cha nne kilipotea safarini. Nimeshakosa?
Hapana. Vyuo vya jamii California hupokea mtu wa miaka 18 na kuendelea hata kama hana cheti cha sekondari. Shida itakuja kwenye msaada wa fedha wa serikali kuu, ambao unadai uwe umemaliza sekondari au una cheti kinacholingana, kama GED. Fanya GED huku unaendelea na kozi.

Swali: Niko Mwanza, nataka kuja kwa viza ya mwanafunzi. Nitalipa hizo dola 46?
Hapana, mdogo wangu, na usidanganywe na wakala. Asiye mkazi huongezewa mamia ya dola kwa kila yuniti. Mwenye F-1, yaani hiyo viza ya mwanafunzi, hapati msaada wa serikali kuu, na kila muhula lazima abebe yuniti zisizopungua 12. Piga hesabu hiyo na wazazi kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Swali: Nikirudi nyumbani GIS itanifaa?
Sana. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora ramani za maeneo ya Dar es Salaam yanayofurika. Walitumia OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na data zake unaweza kuzipakua na kuzifungua kwenye QGIS leo hii. Anza na mtaa unaoufahamu.