Somo: Kukata matangazo kwenye vipindi ulivyorekodi, kwa programu za bure na bila kuharibu picha

Mama yangu anaishi kijijini, mahali ambapo mawimbi ya televisheni yanakuja na kukatika. Kila mwisho wa mwezi namrekodia vipindi vya taarabu na mawaidha kutoka king'amuzi cha antena, naweka kwenye flashi, namtumia kwa basi. Umeme wake ni wa sola. Kila dakika ya matangazo inakula betri ambayo angeitumia kusikiliza anachokipenda, na rimoti ya kupeleka mbele inamsumbua macho. Ndiyo sababu nilijifunza kukata matangazo, na leo nawapa nilichokipata.

Kosa nililoanza nalo ni la wengi. Nilichukua programu kubwa ya kuhariri video, nikakata vizuri, nikabonyeza kutoa. Kompyuta yangu ya zamani ilikesha inaunguruma kwa kipindi cha saa moja tu, na asubuhi picha ilikuwa na ukungu. Programu za kuhariri, hata zile nzuri za bure kama Shotcut na Kdenlive, zinapotoa video huifumua yote na kuisuka upya. Ni sawa na kufumua mkeka mzima kwa ajili ya kuondoa ukili mmoja. Sisi hatuongezi maandishi wala muziki. Tunataka kutoa vipande na kuunga vilivyobaki, picha ile ile, sauti ile ile.

Kwa hiyo tafuta programu inayokata bila kufumua. Ziko mbili ninazoziamini, LosslessCut na Avidemux. Zote zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, msimbo wake uko wazi, na hazibandiki nembo juu ya video yako. Jihadhari na zile zinazojiita za bure, halafu ukifika kwenye kuhifadhi unadaiwa pesa.

Naanza na LosslessCut, ndiyo ninayoitumia zaidi.

1. Ipakue kwenye ukurasa wa mradi wake ndani ya GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao. Kwenye duka la Microsoft inauzwa ili kumchangia mtengenezaji. Ukiwa na uwezo mchangie, ukikosa ya GitHub ni bure. Ya Windows huja kama furushi la .7z. Lifungue kwa 7-Zip, programu ya bure ya kufungua mafurushi, kisha bofya programu iliyo ndani. Hakuna kusakinisha.

2. Nakili rekodi kutoka kwenye flashi iingie kwenye kompyuta. Ving'amuzi vingi huandika faili la .ts. Usifanye kazi moja kwa moja kwenye flashi, utasubiri sana.

3. Buruta faili ulidondoshe kwenye dirisha la programu. Rekodi nyingine huonyeshwa kwa picha hafifu wakati unakata. Usishtuke, hiyo ni ya kukuonyesha tu. Faili litakalotoka halitaguswa ubora.

4. Nenda pale kipindi kinapoanza, bonyeza herufi I. Nenda pale tangazo linapotaka kuingia, bonyeza O. Hicho ni kipande cha kwanza cha kubaki. Bonyeza alama ya +, kisha weka alama za kipande cha pili baada ya matangazo, hivyo hivyo hadi mwisho. Vitufe vya nukta na mkato vinakusogeza fremu moja moja, yaani picha moja moja.

5. Hapa ndipo watu wanapokwama, naomba tutulie. Video haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha nzima moja, tuiite fremu kuu, halafu zinazofuata huandika mabadiliko tu. Programu isiyofumua haiwezi kuanza kipande katikati ya mabadiliko. Lazima ianzie kwenye fremu kuu. Kwa hiyo ukiweka I mahali pasipo na fremu kuu, programu itarudi nyuma kwenye fremu kuu iliyotangulia, na mkia wa tangazo utabaki. Shika Alt na mshale wa kulia au kushoto uruke kwenye fremu kuu yenyewe. Ukilazimika kuchagua, acha nusu sekunde ya tangazo. Neno la kwanza la mhadhiri au mwimbaji likikatwa, ndilo ambalo msikilizaji atalikosa.

6. Bonyeza Export, chagua kuunganisha vipande kuwa faili moja. Muda wake ni kama wa kunakili faili tu.

7. Fungua faili jipya kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, angalia kila mshono, sekunde kumi kabla na kumi baada. Usifute rekodi ya asili kabla ya hapo. Mimi niliwahi kufuta mapema, nikapoteza mawaidha ya Ramadhani ambayo hayakurudiwa tena.

Avidemux ni nyepesi na inafaa kompyuta chovu. Acha Video Output na Audio Output zote kwenye Copy, na Output Format weka MKV Muxer. Tofauti kubwa: huku unaweka alama kwenye kile unachokitupa. Bofya kitufe A kwenye dirisha la programu mwanzo wa tangazo, B pale kipindi kinaporudi, kisha bonyeza Delete. Mshale wa juu na wa chini unaruka kwenye fremu kuu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, asante kwa somo. Rekodi za king'amuzi changu cha kulipia hazifunguki kabisa kwenye kompyuta, nifanyeje?
Hizo mara nyingi zimefungwa kwa siri ili zichezwe kwenye king'amuzi hicho hicho tu. Programu hizi mbili hazizifungui. Rekodi kutoka chaneli za bure.

Mechi yangu imegawanyika mafaili mawili, ya pili inaanza katikati ya kipindi cha pili.
Flashi yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili linalozidi GB 4. Chaneli ya megabiti 4 kwa sekunde hula kama GB 1.8 kwa saa, kwa hiyo baada ya saa mbili na ushee lazima ligawanyike. Buruta mafaili yote mawili pamoja kwenye LosslessCut, uyaunganishe kwanza, ndipo ukate.

Nina simu tu, kaka. Inawezekana?
Hizi mbili ni za kompyuta, dada yangu. Kama kuna jirani mwenye laptopu, kwa kazi ya dakika ishirini muombe.

Sauti inachelewa, midomo inatangulia.
Angalia kwanza rekodi ya asili. Kama nayo iko hivyo, mawimbi yalikatika wakati wa kurekodi. Kwenye Avidemux kuna sehemu ya Shift upande wa sauti. Sogeza kwa milisekunde, jaribu -200 kwanza, alama ya kutoa ndiyo inayoiwahisha sauti.

Hakuna programu ya kutafuta matangazo yenyewe?
Ipo Comskip, ya bure. Hutazama fremu nyeusi, ukimya na nembo ya chaneli. Chaneli ikiunganisha tangazo bila fremu nyeusi, au ikiacha nembo muda wote, inakosea. Kwa vipindi vya mama bado nakata kwa mkono.