Kuoka vipande vya oti, tende na ndizi nyumbani

Vipande vya oti havishikani bila kitu cha kunata, na katika vingi vinavyouzwa madukani kazi hiyo hufanywa na sukari iliyoyeyushwa. Nyumbani kazi hiyo hiyo inaweza kufanywa na tende na ndizi mbivu, bila kuongeza hata kijiko kimoja cha sukari. Ni kweli kwamba matunda hayo yana utamu wake, na mwenye kisukari ni lazima ale kwa kiasi. Lakini utamu huo huja pamoja na nyuzinyuzi za tunda zima, na oti zenyewe zina nyuzinyuzi ziitwazo betaglukani, ambazo huyeyuka majini na husaidia kupunguza lehemu mbaya mwilini.

Kwa trei ya sentimita 20 kwa 20, inayotoa vipande 16, andaa gramu 250 za oti, gramu 200 za tende zilizotolewa kokwa, ndizi 3 kubwa au 5 za aina iitwayo kisukari, gramu 100 za siagi ya karanga isiyotiwa sukari, konzi mbili za zabibu kavu au embe kavu iliyokatwa vipande vidogo, vijiko viwili vya chakula vya ufuta, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, iliki tatu zilizotwangwa, na chumvi kidogo. Chumvi isiachwe, kwa sababu ndiyo inayoinua ladha ya tende. Nunua oti bapa za kawaida, si zile za kuiva haraka, ambazo zimekatwakatwa sana na hugeuka uji ndani ya mchanganyiko. Ukisaga karanga mwenyewe, zichambue moja moja na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kuokwa.

Ndizi ziwe zimeiva hadi ganda lipate madoa meusi, maana wanga wake unakuwa umegeuka sukari na nyama yake inapondeka kwa uma bila mabonge. Tende za boksi zilizogandamana zinafaa kuliko zile kavu za bei kubwa, ila zipapase kwa vidole hata kama zimeandikwa kuwa hazina kokwa, kwani kokwa moja iliyosahauliwa inaweza kuvunja jino la mtoto. Ziloweke katika maji ya moto yanayozifunika tu kwa dakika 15, zichuje, kisha uziponde kwa mchi au kwa blenda mpaka ziwe rojo zito. Maji yaliyobaki yahifadhi pembeni.

Wakati tende zikilowa, kaanga oti bila mafuta kwenye kikaango kizito, kwa moto mdogo, ukikoroga kwa dakika 8 hivi. Zikianza kutoa harufu inayokaribia ya karanga za kukaanga, epua mara moja. Changanya rojo la tende, ndizi na siagi ya karanga mpaka vilingane, ndipo utie oti, matunda makavu, viungo na chumvi. Sasa chukua konzi moja ya mchanganyiko, ifumbate kwa nguvu, kisha ufungue kiganja: ukiona alama za vidole zimebaki na bonge halikupasuka, unyevu unatosha. Likimeguka, ongeza kijiko kimoja cha yale maji ya tende na ujaribu tena. Likikubandika viganjani kama ugali laini, ongeza oti kidogo na usubiri dakika 10 zinywe maji.

Tandika karatasi ya kuokea ndani ya trei, mimina, kisha shindilia kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji, hasa pembeni, ambako vipande huwa vyepesi kuvunjika. Nyunyiza ufuta juu. Oka kwa nyuzijoto 180 kwa dakika 30 hadi 35, mpaka kingo ziwe na rangi ya kahawia na katikati pasibonyee kwa urahisi. Asiye na oveni atumie jiko la mkaa kwa utaratibu wa mkate wa kumimina: sufuria nene yenye mchanga mkavu chini, trei juu ya mchanga, mfuniko bapa, na makaa yapaliwe juu ya mfuniko kwa wingi kuliko yale ya chini, kwa sababu tende huungua upande wa chini kabla juu hapajaiva. Anza kuchungulia baada ya dakika 25.

Kosa lililoniharibia trei yangu ya kwanza lilikuwa kukata vikiwa moto, na vyote vikawa chenga. Viache vipoe kabisa ndani ya trei, kisha uvitie kwenye jokofu kwa saa moja ili tende na siagi ya karanga zigande, ndipo ukate kwa kisu kikubwa kwa kukikandamiza chini, bila kukereza.

Katika joto na unyevu wa pwani vipande hivi visikae nje zaidi ya siku mbili. Kwenye jokofu, ndani ya chombo chenye mfuniko, hudumu kwa wiki moja. Vya akiba vifunge kimoja kimoja na uvigandishe, na kile cha kubeba kazini au shuleni kitoe usiku, kwani asubuhi kitakuwa kimelainika.