Kabla hujatoa hela ya kiwanja Mwanza

Mwanza ukiwa na milioni nane na nia ya kununua kiwanja, huna haja ya kumtafuta dalali. Atakupata mwenyewe. Atakupakia kwenye boda hadi Buswelu, Kishiri au Luchelele, atakuonyesha ziwa linavyong'aa kwa mbali, kisha atakwambia uwahi, maana kuna mteja wa Kahama anakuja kesho na hela taslimu. Huyu mteja wa Kahama nimemsikia kwa miaka kumi sasa, sijawahi kumwona. Kazi yake ni moja: ufanye malipo leo, maswali uulize wiki ijayo.

Mimi si wakili. Niliumia mara moja, na tangu hapo ndugu na majirani wakitaka kununua, kukopea nyumba au kupanga fremu hunichukua niende nao. Ninachofanya ni kugeuza tu mpangilio wa dalali: maswali yatangulie, hela ije mwisho.

Anza na aina ya ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa hiyo unachonunua ni haki ya kuitumia, pamoja na kilichojengwa au kupandwa juu yake. Ardhi hiyo ipo ya namna tatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Huku kwetu mjini na kijijini vimeshikana kiasi kwamba macho hayatoshi kutofautisha. Ukiipita Igoma kidogo tu umeshatoka Nyamagana uko Magu. Ukiipita Buhongwa ukashuka Usagara, uko Misungwi. Kama eneo liko kwenye ardhi ya kijiji na wewe si mwanakijiji, mauziano ya wewe na mzee mwenye shamba hayatoshi. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na muhtasari wa kikao uwepo. Mahakama zimeshatengua mauziano mengi kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Halafu muulize muuzaji, bila aibu: una karatasi gani? Hapa ndipo watu wengi huchanganywa, kwa sababu kila muuzaji husema "hati ipo". Hati miliki yenyewe hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Barua ya toleo ni ahadi ya serikali kwamba umepewa kiwanja, lakini bado haijawa hati, na ina masharti na malipo ambayo pengine muuzaji hakuyamaliza. Leseni ya makazi ni ruhusa ya muda mfupi kwa maeneo ambayo hayajapimwa, nayo huisha. Hati ya hakimiliki ya kimila ni ya ardhi ya kijiji. Chini ya zote kuna ile karatasi iliyozoeleka kule vilimani Mabatini, Igogo na Isamilo: mkataba wa mauziano wenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Simdharau mwenyekiti. Anawajua watu wake, na kama kuna mgogoro atakuwa ameshausikia. Ila muhuri wake ni wa shahidi tu. Haumfanyi muuzaji kuwa mwenye mali kama hakuwa nayo.

Kama kuna hati au namba ya kiwanja na kitalu, usiridhike na fotokopi ya dalali. Omba upekuzi rasmi ofisi ya ardhi ya mkoa, ulipie kwa namba ya malipo ya serikali, upate majibu ya maandishi. Upekuzi utakwambia jina lililoko kwenye rejesta, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Nenda pia ofisi ya ardhi ya halmashauri, Nyamagana au Ilemela, uone kiwanja kinasomekaje kwenye ramani ya mipango miji. Kuna viwanja vizuri sana kwa macho ambavyo kwenye ramani ni uwanja wa michezo au shule. Kuna na vile walivyopewa watu wawili, wenyewe wa ardhi huviita milki pandikizi, na kila mmoja kati ya hao wawili ana risiti halali. Deni la kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini, nalo liulizie hapohapo, kwa sababu linakaa na kiwanja, halimfuati muuzaji.

Saitini nenda na mpimaji. Bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na mpimaji, ina namba; jiwe tu halina, na Mwanza hatuna upungufu wa mawe. Niliwahi kuonyeshwa mwamba uliokuwepo kabla ya babu zetu nikaambiwa ndiyo kona ya kiwanja. Bikoni zikiwa zimeng'olewa, mpimaji atafufua mipaka kwa vipimo vya ramani ya upimaji. Waite majirani wa pande zote wasimame pale, na wasaini. Jirani asiyetaka kuja ndiye wa kumfuata nyumbani kwake jioni, kwa upole. Huyo ana neno. Kama eneo liko kando ya barabara kuu ya Shinyanga au Musoma, pima pia umbali: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na alama nyekundu ya X ukutani, ile ya kubomolewa, haina fidia kwa aliyeifuata barabara.

Kuhusu ziwa, naandika kwa uchungu wangu. Nilinunua eneo upande wa Igombe wakati maji yako mbali. Muuzaji alinitembeza mchangani akasema hapa utavuta hewa hadi uzeeni. Niliweka msingi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko wengi wetu tulivyowahi kuona, na msingi wangu ukawa mahali pa vijana kufungia mitumbwi. Nilipokwenda kulalamika ndipo nikafunguliwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Maana yake hata maji yasingepanda, nilikuwa nimejenga pasipojengwa. Sheria hiyohiyo inaugusa Mto Mirongo na vijito vinavyoshuka vilimani, ambavyo kiangazi huonekana kama mitaro tu. Pima kwa futi kamba, tena ukianzia pale maji yalipofika mwaka ule mbaya. Wavuvi wa mwaloni watakuonyesha bila kukutoza. Halafu mwone afisa mazingira wa halmashauri kabla ya kumwona fundi.

Sasa watu. Muuzaji ana mke? Ana mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ridhaa iwe ya maandishi, na anayesaini awe mwenyewe, na kitambulisho chake mkononi. Nimeshaona "mke" aliyeletwa kusaini mbele ya wakili, na miezi mitatu baadaye mke mwenyewe akarudi kutoka Ukerewe alikokwenda kuuguza mama. Ndiyo maana sipendi kumalizia mambo ofisini tu. Nenda nyumbani kwa muuzaji, ukaribishwe, unywe maji, uone nani anaishi pale na anamwitaje mwenzake. Usukumani mgeni hafukuzwi, na watoto hawajui kudanganya.

Kama mali ni ya marehemu, muhtasari wa kikao cha ukoo haukupi kitu. Kikao humpendekeza mtu. Anayemteua ni mahakama. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo huwa na Fomu Namba IV. Isome, nenda na namba ya shauri kwenye mahakama husika uthibitishe, kisha warithi nao wasaini kukubali kuuza. Kaka mkubwa akikwambia "mimi ndiye baba sasa", mheshimu kama baba, ila hela kaa nayo.

Hayo yote yakikaa sawa, ndipo mkataba. Uandikwe na wakili wako, si wa muuzaji, useme bei, vipimo, nani analipa kodi ipi na nini kitatokea upande mmoja ukivunja. Lipa kwa benki, kwa awamu, awamu kubwa ibaki mpaka uhamisho ukamilike. Kwa ardhi yenye hati, uhamisho hupitia Fomu Namba 29, 30 na 35 na ripoti ya mthamini. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi asilimia 10 ya faida aliyoipata. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani. Wengi huandika bei ndogo ili wakwepe. Mauziano yakitenguliwa, utadai ile bei ndogo. Na mkataba usiolipiwa stempu mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Rehani ina maswali yake, na mimi huyauliza kwa ukali zaidi kwa sababu hapo unayeweza kupoteza ni wewe mwenye nyumba. La kwanza: unaweka rehani kwa mkopo wako au wa shemeji? Mdhamini si shahidi. Ukitoa hati yako kwa mkopo wa mtu mwingine, mnada utakuja kwako, yeye atakuja kukupa pole. La pili: mwenzi wako amesaini? Benki zenyewe siku hizi hazikubali bila yeye. La tatu: unajua ukishindwa kitatokea nini? Mkopeshaji lazima akupe notisi ya maandishi, na una siku 60 kurekebisha. Mnada nao hutangazwa siku 14 kabla. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri, na akiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko sheria humwona amekosea mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini mnunuzi wa mnadani aliyenunua kwa nia njema hulindwa, kwa hiyo anayepinga apinge kabla ya nyundo. Watu hupeleka barua ya notisi kwa mchungaji waiombee, siku zinaisha.

Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wa riba kali, wana mtindo wao. Unakopa milioni mbili, unasainishwa "mkataba wa mauziano" wa kiwanja chako, unaambiwa ni utaratibu tu. Sheria haitambui rehani inayojigeuza kuwa mauzo. Haki ya kulipa deni na kurudishiwa mali haiwezi kufutwa na kifungu cha mkataba. Ila utathibitishaje ulikuwa mkopo, wakati karatasi inasema uliuza na ukapokea? Usisaini. Kama umeshasaini, tunza kila ujumbe wa simu na kila muamala wa marejesho.

Na ukimaliza kulipa benki, usichukue tu hati ukaenda kushangilia. Omba hati ya kufuta rehani, isajiliwe. Jirani yangu wa Nyakato alimaliza deni lake miaka mingi iliyopita; alipotaka kuuza, upekuzi bado ulionyesha nyumba iko rehani.

Kwenye kupanga, maneno ni machache. Andikeni, hata kama ni chumba kimoja Mkolani. Mkataba useme kodi, muda, nani anatengeneza paa, notisi ni ya muda gani na hela ya miezi iliyobaki inarudije. Pango la zaidi ya miaka mitano lisajiliwe. La fremu ya duka unayotaka kuiwekea vioo na vigae liwe na kifungu cha maendelezo yako. Uliza kama jengo lina rehani, maana mnada hauchagui mpangaji. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni deni la mwenye nyumba. Kama mita unalisha wewe, andikeni kwamba itatolewa kwenye pango. Elfu kumi na nane kwa mwaka si nyingi, lakini nimeona watu wakinuniana kwa chini ya hapo. Na risiti za LUKU hazimpi mtu umiliki, hata zikiwa na jina lake.

Mambo yakiharibika pamoja na hayo yote, baraza la kata tangu mwaka 2021 halihukumu tena, linasuluhisha. Lina siku 30. Likishindwa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kumwacha mtu alime kwako "kwa undugu" bila maandishi ni kuiacha miaka hiyo ihesabike upande wake. Kwa hiyo mpe barua ya kumruhusu, asaini, uiweke pamoja na mkataba wako, majibu ya upekuzi, risiti za benki na picha ya siku mliyosimama kwenye mipaka. Nakala moja ya bahasha hiyo ikae kwa mtu ambaye hamlali nyumba moja.