Gari la kulala likizeeka, anza na mipira ya breki

Wenye magari ya zamani mliyoyatia vitanda na jiko, hasa yale yanayolala bandani miezi kisha yanatolewa kwa safari ya ghafla: pedi nene zisiwadanganye. Mwaka juzi nateremka mlima wa Nyang'oro, natoka Iringa kurudi Dodoma, pedeli ikawa laini kama sponji. Nikasimama pembeni, nikasogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Mbele kushoto moto unafukuta, kulia vuguvugu tu. Kumbe mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta ya breki, umevimba kwa ndani: ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, breki inabaki imeshika. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa!

Mafuta yenyewe nayo hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya, aina moja ya mafuta ya breki, hustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka; yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yamwage yote kila baada ya miaka 2, fundi atoe upepo magurudumu yote. Kuongezea juu ya yale meusi ni kupoteza hela, na kopo lililokaa wazi dukani usilipokee.

Mlimani shuka na gia ndogo, mguu upumzike.

Matairi usiyapime kwa meno peke yake, jua la huku linapasua mpira hata gari likiwa limeegeshwa. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 1218 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 12, mwaka 2018. Na mpira wa gesi ya jiko upake povu la sabuni. Ukiona mapovu yanatokota, chai mtakunywa njiani.