Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Kutafuta Ukoo wa Ireland Kwenye Sensa na Vitabu vya Kanisa

Wengi huanza kwa kuandika jina kwenye tovuti ya sensa na kubonyeza. Patrick Murphy, basi. Majibu yanamwagika kurasa kwa kurasa, kila Patrick Murphy ana mke aitwaye Mary au Bridget, na mtafutaji anakata tamaa siku hiyo hiyo. Kumbukumbu za Ireland zimepangwa kwa mahali kwanza, ndipo kwa watu. Kwa hiyo jambo ninaloliweka mbele ya mengine yote ni kujua mahali alikotoka mtu wako. Kujua kwamba alitoka Ireland hakutoshi, na hata ukijua ni Cork bado hujafika. Unahitaji parokia, na ukibahatika, taunlandi.

Taunlandi ni eneo dogo la ardhi lenye jina lake, mara nyingi ekari mia chache tu. Kisiwa kizima kina taunlandi zaidi ya 60,000. Kodi ya shamba ilitozwa kwa jina hilo, na fomu za sensa zilipangwa kwa jina hilo. Juu ya taunlandi kuna parokia, na hapa jihadhari, maana ziko za aina mbili: parokia ya kiserikali, iliyofuata mipaka ya kale ya Kanisa la Ireland, yaani Waanglikana, na parokia ya Kikatoliki, ambayo mara nyingi ina mipaka mingine na hata jina jingine. Juu zaidi kuna kaunti, jumla yake 32. Mbili kati ya hizo zilibadilishwa majina baada ya uhuru: King's County ya zamani ndiyo Offaly ya leo, na Queen's County ndiyo Laois. Ukisoma sensa ya 1901 au 1911 utakutana na yale majina ya zamani, usije ukadhani umepotea.

Sasa, jina la mahali hapo kwa kawaida hulipati Ireland. Unalipata kule mhamiaji alikokwenda, kwa hiyo kazi ianzie nyumbani kwenu. Keti na wazee kabla hujafungua kompyuta. Uliza kuhusu barua za zamani, vitabu vya misa vyenye majina yaliyoandikwa jalada la ndani, na kadi ndogo za kumbukumbu ya marehemu ambazo familia za Kiayalandi zimezoea kuchapisha baada ya msiba. Kisha nenda kwenye kumbukumbu za nchi aliyohamia. Kama ni Marekani, maombi ya uraia yaliyojazwa baada ya 1906 yana maelezo mengi zaidi kuliko ya awali, pamoja na mahali pa kuzaliwa. Benki iliyoanzishwa New York mwaka 1850 kwa ajili ya wahamiaji, Emigrant Industrial Savings Bank, iliwauliza wateja wake maswali ya familia na asili ili iwatambue, na daftari zake zipo. Gazeti la Kikatoliki la Boston, The Pilot, tangu 1831 hadi 1921 lilichapisha matangazo ya watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao waliopotezana nao, mara nyingi yakitaja kaunti na parokia walikotoka. Fuatilia pia kaka, dada na wasimamizi wa ndoa wa mhamiaji wako. Cheti chake yeye kinaweza kusema "Ireland" tu, na jiwe la kaburi la dada yake likataja kijiji.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni Barack Obama. Kogelo, kwao baba yake, tunaijua sote. Kwa upande wa mama, mmoja wa mababu zake alikuwa Falmouth Kearney, kijana wa Moneygall, kaunti ya Offaly, mtoto wa fundi viatu, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Watafiti waliposhuka naye kutoka upande wa Marekani hadi kijiji hicho, kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo, Stephen Neill, alipekua vitabu vya kanisa lake na mwaka 2007 akathibitisha kwamba familia hiyo imo. Mei 2011 Obama mwenyewe alifika Moneygall. Lakini tazama mpangilio wa kazi ile: jina la kijiji lilitangulia, kitabu kikafuata. Tena kitabu cha kanisa ndicho kilichobeba mzigo, kwa sababu kijana aliyeondoka 1850 hakuandikishwa na serikali alipozaliwa, na sensa za utoto wake hazipo tena.

Hilo la sensa kutokuwepo lijue mapema, litakuokolea wiki za kutapatapa. Sensa zilifanyika Ireland kila baada ya miaka kumi tangu 1821 hadi 1911. Za 1821, 1831, 1841 na 1851 karibu zote ziliteketea tarehe 30 Juni 1922, siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za umma kwenye Four Courts, majengo ya mahakama mjini Dublin, liliposhika moto. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliamuru ziharibiwe mapema. Za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ya 1921 haikufanyika kabisa, nchi ilikuwa vitani. Zilizobaki kamili ni za 1901 na 1911, nazo zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ireland, kaunti zote 32. Ya 1926, iliyohesabu kaunti 26 za dola jipya lililojitenga na Uingereza, ilifungwa kwa miaka 100 kwa mujibu wa sheria, na ufunguzi wake ulipangwa Aprili 2026.

Chimba sana kwenye fomu ya 1911. Faharasa ya mtandaoni ni mlango tu, fungua picha ya fomu yenyewe. Wanawake walioolewa waliulizwa wana miaka mingapi ya ndoa, wamezaa watoto wangapi hai, na wangapi bado wako hai. Ukiona mama ameandikiwa ndoa ya miaka 28, watoto tisa, walio hai sita, umeshapata makadirio ya mwaka wa ndoa na unajua kuna vyeti vya vifo vya kutafuta. Kuna safu ya lugha inayoonyesha nani alizungumza Kiayalandi. Mahali pa kuzaliwa, hata hivyo, fomu ilitaka kaunti au jiji tu kwa waliozaliwa Ireland. Na fomu ya pili ya nyumba inaeleza kuta na paa ni vya nini, vyumba vingapi, madirisha mangapi upande wa mbele. Mtu aliyekuwa jina tu sasa ana nyumba.

Umri usiuamini. Tangu Januari 1909 wazee wa miaka 70 na kuendelea wenye kipato kidogo walianza kulipwa pensheni, na ghafla watu waliokuwa na miaka 58 mwaka 1901 wakawa na 71 mwaka 1911. Siwalaumu, wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa kukosa vyeti, maofisa walipekua sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo bado zilikuwepo, kutafuta jina la mwombaji akiwa mtoto nyumbani kwa wazazi wake. Fomu za upekuzi huo zimehifadhiwa, na zinataja wazazi na taunlandi. Kwa familia kadhaa, ndicho kipande pekee kilichonusurika cha sensa zilizoungua. Zipitie kabla hujasema hakuna kitu.

Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo vyote ulianza 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kuandikishwa Aprili 1845. Tovuti ya serikali irishgenealogy.ie inaonyesha bure vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75 na vifo vya zaidi ya 50. Cheti cha ndoa ndicho chenye thamani kubwa, kwa kuwa kinataja baba wa pande zote mbili na kazi zao. Ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa serikalini, amini kanisa: wazazi waliochelewa kuandikisha waliisogeza tarehe mbele kukwepa faini.

Kabla ya 1864, Mkatoliki unamkuta kanisani tu. Vitabu vya Kikatoliki havikupelekwa Dublin, vilikaa parokiani, na hiyo ndiyo pona yake. Maktaba ya Taifa ya Ireland ilivipiga picha na tangu Julai 2015 imeviweka mtandaoni bure, hadi kama mwaka 1880. Vimepangwa kwa parokia, ndiyo maana nikasisitiza mahali. Angalia kwanza kitabu cha parokia yako kinaanza lini, kwa sababu mijini na mashariki vingine ni vya karne ya 18, ila sehemu nyingi za magharibi vimeanza katikati ya karne ya 19, na hapo utafutaji una kikomo chake.

Jiandae kwa Kilatini na mwandiko mbaya. Jacobus ni James, Joannes ni John, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget. Jina la baba hubadilika mwisho: James akiwa mtoto ni Jacobus, akiwa baba wa mtoto ni Jacobi. Kifupi "sp." hutangulia wasimamizi wa ubatizo, na hao mara nyingi ni shangazi na wajomba, waandike wote. Majina ya ukoo hupoteza au kupata O' na Mc bila taarifa, Sullivan na O'Sullivan ni watu walewale. Bridget wa Ireland anaweza kuwa Delia huko Marekani. Ndoa itafute kwenye parokia ya bibi harusi.

Usishikilie dhehebu moja. Roger Casement, ambaye ripoti yake ilifichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchini Kongo, alikuwa mtoto wa baba Mprotestanti, lakini mwaka 1868 mama yake alimbatiza kwa siri Ukatoliki, tena huko Rhyl, Wales. Atakayepekua vitabu vya Kianglikana vya Ireland peke yake hatakutana na ubatizo huo. Kwa Waanglikana kwa jumla, uliza kwanza kama kitabu kipo: vingi vilikuwa vimepelekwa kwenye jengo lile lililoungua, lakini parokia zilizokuwa na pa kuvitunza ziliruhusiwa kubaki navyo. Kwa kaunti za kaskazini na Wapresbiteri, ofisi ya kumbukumbu ya umma ya Belfast, PRONI, ndiyo mahali pa kwanza.

Pengo la kabla ya 1864 linazibwa kidogo na orodha za waliokalia ardhi: vitabu vya zaka iliyotozwa kwa ajili ya Kanisa la Ireland, vya miaka ya 1823 hadi 1838, na tathmini ya Griffith, yaani ukadiriaji wa ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, ya 1847 hadi 1864. Vinataja mkuu wa kaya tu, kwa hiyo vitakuonyesha familia ilikuwa wapi, bila kukuambia mtoto ni wa nani.

Amua pia mapema unatafuta kwa ajili ya nini. Mwenye babu au bibi aliyezaliwa Ireland anaweza kuomba uraia kupitia daftari la watu waliozaliwa nje ya Ireland (Foreign Births Register), na hapo utaombwa vyeti rasmi vya kila kizazi, kuanzia chako hadi cha babu. Picha ya mtandaoni ni ya kukuongoza kwenye namba ya cheti. Na ukihitaji kitabu cha parokia cha baada ya 1880, mwandikie paroko ukitaja jina la mtoto, wazazi, taunlandi na kipindi kisichozidi miaka michache. Maparoko hawa wana kazi nyingi, na wengine hupekua wenyewe jioni. Ombi fupi lenye mahali na mwaka hujibiwa mapema kuliko barua ya kurasa nne, na sadaka kidogo kwa kanisa ni desturi.