Kuunda Mashua ya Mbao Nyumbani kwa Saa Moja Moja

Mwongozo huu unahusu mashua ndogo ya makasia, yenye urefu wa takribani mita 3, inayoundwa kwa plaiwudi ya milimita 6 kwa njia ya kushona na kugundisha. Mbao hukatwa kwa umbo lake, huunganishwa kingo kwa kingo kwa vipande vya waya, kisha viungo hujazwa epoksi, gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu, na kufunikwa kwa utepe wa faiba. Njia hii ilienea sana baada ya mwaka 1963, wakati mashua ya Mirror, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell nchini Uingereza, ilipoanza kuuzwa ikiwa vipande vya kuunganisha nyumbani.

Kwa macho yangu, chombo cha mbao nene chenye mkuku (uti wa chini), mataruma (mbavu za ndani) na viungo vilivyokalafatiwa, yaani vilivyozibwa kwa nyuzi, kinapendeza zaidi. Hata hivyo, chombo cha aina hiyo humtaka fundi awepo siku nzima, tena siku kwa mfululizo, na mwenye watoto wa kulaza usiku hana siku za namna hiyo. Mashua ya kushona inakubali kuachwa wiki mbili bila kuharibika, ilimradi uiache mahali panapofaa, na kujua pa kuiachia ndiyo kazi kubwa utakayojifunza hapa.

Hatua ya 1: Panga muda kabla ya kununua ubao

Kaa na mwenzi wako mkubaliane vipindi vinavyojulikana, kwa mfano jioni mbili za saa moja na asubuhi moja ya saa mbili kwa wiki, na umpe yeye pia vipindi vyake vya kuwa huru. Mashua yangu ya kwanza ilinichukua saa zipatazo 110, zikatawanyika katika miezi minane. Nilipokuwa nikiiba dakika hapa na pale bila makubaliano, nilifanya kazi kwa haraka na kwa hofu ya kuitwa, na kila kosa la siku hizo lilinigharimu muda mrefu zaidi kulisahihisha.

Kisha gawa kazi zote katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi za kelele, yaani msumeno wa umeme, keekee na mashine ya msasa, ambazo hufanywa mchana. La pili ni kazi za kimya, kama kupima, kuchora, kupiga randa ya mkono na kukata vipande vya waya, ambazo unaweza kuzifanya watoto wakiwa wamelala. La tatu ni kazi za epoksi, ambazo zikishaanza hazikatizwi kwa lolote, na kwa sababu hiyo hupewa vipindi ambavyo mtu mwingine mzima yupo nyumbani kuangalia watoto.

Dakika kumi za mwisho za kila kipindi usizitumie kujenga. Fagia, rudisha vifaa, kisha weka juu ya meza kifaa cha kwanza utakachohitaji kipindi kijacho pamoja na karatasi yenye sentensi moja: "Anza kwa kutoboa ubao wa kushoto kutoka omo" (omo ni sehemu ya mbele ya mashua). Bila karatasi hiyo, robo saa ya kipindi kinachofuata itaishia kwenye kukumbuka ulipofikia.

Jambo dogo kabla ya kuendelea: pima mlango. Mashua yenye upana wa sentimita 120 hupita kwenye mlango wa sentimita 80 ikilazwa ubavu, ikiwa kina chake, pamoja na vikalio na vyote vilivyochomoza, ni chini ya upana wa mlango.

Hatua ya 2: Kuchora na kukata

Nunua ramani iliyokwisha kujaribiwa, wala usibuni umbo lako kwa chombo cha kwanza. Plaiwudi iwe ya daraja la baharini, ambayo gundi yake haiachii kwa maji na tabaka zake za ndani hazina mianya. Vipimo vya ramani hutolewa kama nukta. Piga msumari mdogo kwenye kila nukta, pindisha ufito mrefu mnyoofu uguse misumari yote, kisha uchore kwa kuufuata. Kabla ya kuchora, inama usawazishe jicho na ubao, utazame ufito kwa urefu wake. Ukiona mahali umevunjika badala ya kupinda kwa ulaini, amini jicho, rudi kwenye ramani, na mara nyingi utakuta umesoma kipimo vibaya.

Kata milimita 2 nje ya mstari, kisha umalizie kwa randa. Mbao za kulia na kushoto zibanwe pamoja zirandwe kwa wakati mmoja, maana zikitofautiana hata kidogo, mashua itapinda upande mmoja.

Hatua ya 3: Kurefusha mbao

Karatasi ya plaiwudi huwa na urefu wa mita 2.44, kwa hiyo mashua ya mita 3 inahitaji kiungo. Kiungo bora ni cha mlalo, ambapo ncha mbili huchongwa kuwa nyembamba kidogo kidogo na kulaliana. Mwinamo wa kawaida ni moja kwa nane. Ubao wa milimita 6 huchongwa kwa upana wa milimita 48. Panga mbao nne kama ngazi, kila moja ikirudi nyuma milimita 48 kutoka ile iliyo chini yake, uzibane mezani, kisha upige randa mpaka ngazi zote ziwe mteremko mmoja. Tabaka za plaiwudi zenyewe zitakuongoza, kwa sababu zitaonekana kama mistari ya rangi tofauti, na mistari ikiwa imenyooka na kulingana, mteremko wako uko sawa. Ikipinda kama nyoka, mahali fulani umechimba.

Kazi hii ni ya kimya na inaweza kusimamishwa wakati wowote, na kwangu ndiyo saa tamu kuliko zote katika ujenzi mzima.

Hatua ya 4: Kushona

Toboa matundu ya milimita 2 kila baada ya sentimita 15, yakiwa milimita 10 kutoka ukingoni. Pitisha vipande vya waya wa shaba na uvikaze kwa kuvisokota upande wa nje, kwanza kwa ulegevu, mpaka mbao zote ziwe mahali pake. Ndipo umbo la chombo hujitokeza ghafla, mara nyingi katika jioni moja, na huo ndio wakati mzuri wa kuwaita watoto, kwa kuwa hakuna kemikali wala vumbi, na vidole vidogo hupitisha waya vizuri sana.

Kabla ya kukaza kwa nguvu, hakikisha chombo hakijajipinda. Laza fito mbili nyoofu kukatiza mashua, moja karibu na omo na nyingine kwenye shetri, yaani nyuma ya chombo, kisha simama nyuma utazame ya kwanza juu ya ya pili. Kama hazilingani, sukuma kabari chini ya upande mmoja mpaka zilingane. Pima pia kutoka ncha ya omo hadi kila pembe ya ubao wa shetri. Vipimo hivyo viwili viwe sawa. Mashua iliyoshonwa inaweza kusubiri hapo, lakini pima upya siku utakayorudi, kwani huenda mtu ameiegemea.

Hatua ya 5: Epoksi

Hapa ndipo penye kuhitaji uangalifu wote. Epoksi huwa na sehemu mbili, utomvu na hadena (kigumisho chake), na uwiano wake ni ule ulioandikwa na mtengenezaji, upimwe kwa uzito au kwa ujazo kama alivyoelekeza. Kuongeza hadena hakuharakishi ugumu. Kunaiacha gundi laini daima. Kinachoharakisha ni joto: kwa makadirio, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza muda wa kukauka kwa nusu.

Gundi yenyewe hutoa joto inapokauka, na ikiwa imerundikana kikombeni joto hilo halina pa kutokea. Siku moja nilichanganya kikombe kizima, nikaitwa ndani kwa dakika chache, na niliporudi kikombe kilikuwa kinatoa moshi na kimeanza kuyeyuka. Nilikibeba kwa koleo nikakiweka nje juu ya udongo. Tangu hapo huchanganya kidogo kidogo na kumimina mara moja kwenye sinia pana, ambamo gundi hukaa muda mrefu zaidi ikiwa laini.

Anza kwa kubandika. Changanya epoksi na unga laini wa mbao mpaka kijiko kikipinduliwa isidondoke, na uitie ndani ya viungo katikati ya waya na waya, bila kuzigusa. Kesho yake kata waya na uzichomoe. Kipindi kinachofuata, jaza kona kwa mchanganyiko huo huo, kisha vuta kipande cha ubao chenye ncha ya duara, nusu kipenyo cha milimita 20 hivi, kwa mwendo mmoja usiosita. Mchanganyiko ungali mbichi, laza juu yake utepe wa faiba wa milimita 75 na uupake epoksi isiyo na unga. Utepe huanza ukiwa mweupe, na unapokunywa gundi huwa wazi kama kioo. Popote panapobaki weupe pana hewa, pashindilie kwa brashi. Kona moja ndefu hutosha kipindi kimoja, usijaribu mbili.

Baadhi ya epoksi huacha utando wa mafuta juu yake zinapokauka. Uoshe kwa maji na sponji ya kusugulia kabla ya kupiga msasa, la sivyo tabaka linalofuata halitashika. Vaa glavu kila mara na barakoa wakati wa msasa, kwa sababu ngozi ikishaanza kuikataa epoksi haiizoei tena. Nguo za kazi zivuliwe mlangoni, na watoto wasiingie mpaka vumbi limefagiliwa.

Hatua ya 6: Ukingo, vikalio na masanduku ya hewa

Sehemu hii ni useremala wa kawaida. Gundisha ubao wa ukingo kwa vibanio vingi kadiri ulivyonavyo, na hutatosheka navyo. Masanduku ya hewa chini ya vikalio ndiyo ya kuzingatia: kila lita moja ya hewa iliyofungwa huinua takribani kilo moja chombo kikijaa maji, hivyo masanduku mawili ya lita 60 yatabeba kilo 120, ukitoa uzito wa vitu visivyoelea.

Hatua ya 7: Rangi na kujaribu

Jua huiharibu epoksi, kwa hiyo kila mahali pafunikwe kwa rangi au kwa vanishi yenye kinga ya jua. Rangi ni kazi nzuri ya vipindi vifupi, tabaka moja kwa jioni.

Siku ya kwanza majini, baki kwenye maji yanayokufika kiunoni, watoto wakiwa ufukoni na jaketi za kuokolea zikiwa zimevaliwa tayari. Ijaze mashua maji kwa ndoo, kwa makusudi, mpaka ikae kama inavyotaka kukaa ikizama, na utazame kama inalala sawa au inainamia upande mmoja. Ikiinama, sanduku moja linavuja. Rudi nalo nyumbani, lipake maji ya sabuni kwenye viungo, pulizia hewa kwa pampu ya baiskeli taratibu, na uweke alama ya penseli popote panapotoa mapovu.