Mseto wa choroko, na dagaa wa akiba: protini ya mwanafunzi wa geto

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyepanga geto, mwenye sufuria moja, mwiko, kisu na jiko la gesi la mtungi mdogo. Kama una chupa ya chai yenye mdomo mpana, wewe ni tajiri.

Hatua ya 1: Jua unachohitaji. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60 ni gramu 48. Anayebeba vyuma aongeze, ila kopo la unga wa protini aliache dukani.

Hatua ya 2: Pigia hesabu protini, usipigie kilo. Tuseme yai ni shilingi 400. Lina gramu kama 6, kwa hiyo kila gramu unainunua kwa karibu shilingi 67. Kilo ya choroko ikiuzwa 3,500 ina gramu kama 240 za protini: gramu moja haifiki hata shilingi 15. Rudia hesabu hiyo kwa bei za genge lenu. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Soseji sizigusi, pale unalipia mafuta na wanga.

Sasa ongeza gesi. Maharage huonekana rahisi sokoni, lakini yakikaa jikoni saa moja na nusu, mtungi wa kilo 6 unakata kabla bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) halijaingia. Ndiyo maana mimi ni mtu wa choroko.

Hatua ya 3: Iachie chupa kazi. Asubuhi kabla ya kipindi, chagua choroko robo tatu ya kikombe cha chai (kama gramu 150), toa mawe, osha, tia kwenye chupa. Mimina maji yanayotokota, funga. Acha nafasi, maana hufura. Ukirudi baada ya saa mbili tatu zitakuwa zimelainika, zimebaki kumaliziwa tu.

Maharage usiyafanyie hivyo, hasa yale mekundu. Yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kwa nguvu, angalau dakika 10, na joto la chupa halifiki huko.

Hatua ya 4: Pika mseto. Kaanga kitunguu na nyanya, tia choroko na maji, chemsha hadi zianze kupasuka. Ongeza kikombe kimoja cha mchele, chumvi, na maji yafunike kwa kina cha pingili ya kidole. Funika, punguza moto. Tui la nazi ni tamu lakini huchachisha chakula upesi. Bila friji, bora vijiko viwili vya karanga zilizosagwa.

Wazee wa pwani hawakukosea kuchanganya mchele na choroko. Protini hujengwa na viungo vidogo, na lisini na methionini ni viwili kati yake. Mchele una lisini kidogo, choroko zinayo tele. Choroko zina upungufu wa methionini, mchele unauziba. Sufuria hiyo ina gramu kama 50 za protini, sahani mbili: mchana na jioni ileile, na ya jioni uichemshe tena ipasavyo.

Hatua ya 5: Dagaa wa akiba. Wa Kigoma ni watamu, ila mfuko wa mwanafunzi unawajua wa Mwanza. Wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo toa vichwa na uoshe kwa maji ya uvuguvugu hadi mchanga uishe chini ya bakuli. Wakaange kwa mafuta kidogo hadi wawe wakavu kabisa, kamulia ndimu, wakipoa watie kwenye kopo lenye mfuniko. Fungua dirisha; jirani naye ana pua.

Siku ya ugali, dagaa wako tayari na sufuria iko huru: songa, teremsha, kula. Siku ya mtihani chemsha mayai mawili kwenye sufuria hiyohiyo, ila maji yake yamwage, usiyanywee chai.